Tone la Chumvi, Ghorofa ya Tatu

Tone la kwanza liliangukia bili ya gesi,
la pili mkono wangu. Nikalilamba.
Usiniulize kwa nini. Mjane wa miaka sitini na nane,
jikoni peke yake, usiku wa Januari, mjini Ostrava,
nje nyuzi kumi na nne chini ya sifuri,
hana wa kumwonea haya.

Lilikuwa na chumvi.

Miaka arobaini nimelala chini ya mabomba ya watu.
Maji ya sinki nayajua, yana shombo la kitunguu;
ya mashine ya kufulia yana povu;
ya choo, Mungu anisitiri.
Lakini bahari? Huku?
Bahari ya karibu ni kutwa nzima kwa treni,
na uivuke Poland yote kwanza.

Nikapanda na ndoo, nimevaa kandambili na hasira.
Bwana Kaňka alifungua, suruali chepechepe hadi magotini,
yeye aliyefunga mabomba ya mvuke mgodini
hadi mgodi wenyewe ukafungwa.
“Umeme ulikatika, Bi Drahomíra. Dakika sita tu.”

Nyuma yake, sebuleni, palipokuwa na kochi,
sanduku la kioo refu kuliko jeneza,
mawe matupu ndani, mchanga, maji.
Chini, kabatini, tanki la pili likimwayamwaya.
Na mabomba! Meupe, manyoofu, kila kiwiko kimekatwa kwa rula,
gundi imefutwa ukingoni kama midomo ya mtoto baada ya uji,
vali mbili nyekundu, kila moja na kibandiko
kwa mwandiko wake wa kiwandani: SHUKA. PANDA.

Maji yakimwagika hayazoleki, wasema.
Tuliyazoa. Taulo saba, na shuka langu la harusi.

Tukiwa tumepiga magoti nikamwuliza yalivyotoroka.
Pampu ikizimika, alisema, bomba la PANDA linageuka,
linanyonya kutoka juu na kurudisha chini,
wala halijui kutosheka.
“Miaka thelathini nimeshika mvuke. Mvuke unasukuma.
Haya yananyonywa. Sikuyafikiria.”

Nikacheka, nakiri, nikiwa bado na hasira.
Marehemu wangu alikuwa akihamisha divai pipani
kwa mpira na mapafu yake mwenyewe;
akitaka ikome, huinua ncha ya mpira ipate hewa.
“Lipe tundu,” nikamwambia. “Dogo. Karibu na uso wa maji.”

Alinitazama kama ninayemfundisha kutembea.
Kisha akaenda kuchukua drili.

Milimita nne. Nilimshikia tochi.
Akajaza tena, akawasha, akangoja, akazima.
Maji ya juu yakashuka upana wa kidole,
tundu likachungulia, likavuta pumzi,
glu,
na kila kitu kikasimama.
Mzee yule akakaa sakafuni palipolowa, akaitazama swichi.

Wiki tano hakikuishi kitu mle cha kuonekana.
Kila Jumanne alibisha mlangoni kwangu na kijitabu:
amonia imeshuka; nitriti bado; chumvi thelathini na tano kwa elfu.
Mimi nikijibu bei ya mayai.
Mawe yakaota ukungu wa kahawia, akafurahi kama baba.
Wakaja konokono watano. Halafu, ndani ya mfuko wa plastiki
alioubeba kifuani chini ya koti, ndani ya tramu,
kipande cha tumbawe, ukubwa wa kifungo cha shati,
kimejikunja, kimenuna.

Siku ya nne aliniita juu kabla sijanywa kahawa.
Kilikuwa kimefunguka. Sitasema zaidi; nilisahau kahawa.

Mpaka rangi amekuja kwangu mara mbili.
Chumvi inaitoboa rangi, inachanua tena darini,
nyeupe, chembechembe, juu ya meza ya bili.
Nimemwambia asirudi.

Na umeme ukikatika, mshumaa nauacha kwanza.
Nalala chali gizani, nasikiliza dari,
nahesabu: moja, mbili, tatu…

glu.

Nageukia upande wa ukuta.